Fedha za ada na fedha za uzeeni

MASWALI YA WASOMAJI KUHUSU FEDHA

Swali: Ndugu Mshauri, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari ya serikali mkoani Morogoro, nina umri wa miaka 40. Mwezi uliopita kikoba chetu kilivunja mzunguko na mgawo wangu ukawa shilingi milioni 9. Pamoja na hizo, kila mwezi ninaweza kuweka pembeni shilingi 250,000 bila nyumba kuyumba. Binti yetu yupo kidato cha tano na baada ya miaka miwili, Mungu akipenda, ataingia chuo kikuu. Mimi nitastaafu nikifika miaka 60. Shemeji yangu ananishauri ninunue hisa kwa fedha zote, kwa kuwa yeye amepata faida nzuri. Mume wangu anasema hisa ni bahati nasibu, afadhali tuweke benki kwa akaunti ya muda maalumu au tununue kiwanja Kihonda. Nimebaki katikati yao. Nikubali hatari kiasi gani?
Mwalimu, Morogoro

Jibu: Mwalimu, jibu lako limo ndani ya barua yako mwenyewe, pale ulipotaja miaka: miwili hadi chuo, ishirini hadi kustaafu. Shemeji na mume wako wanabishana kana kwamba milioni 9 hizo ni fungu moja, wakati ndani yake mna mafungu mawili, pengine matatu, na kila fungu lina siku yake ya kuhitajika. Ukishayatenganisha utaona kwamba kila mmoja wao yuko sahihi kwa fungu moja na amekosea kwa jingine.

Chukua hisa ambayo habari zake ziko wazi kwa kila mtu. Benki ya CRDB iliuza hisa kwa umma mwaka 2009 kwa shilingi 150 kila moja. Miaka iliyofuata bei ikapanda katika Soko la Hisa la Dar es Salaam hata ikapita shilingi 400, kisha ikaporomoka hadi chini ya ile 150 ya kuanzia, na kufikia mwaka 2024 ilikuwa imepita shilingi 500. Sasa wafikirie watu wawili walionunua siku moja kwa shilingi 400, mmoja akiwa na ada ya kulipa bei ilipokuwa chini kabisa, mwingine akiwa anajiwekea ya uzeeni. Wa kwanza aliuza kwa hasara ambayo hakuna mwaka utakaomrudishia, na wa pili alisubiri tu. Hisa ilikuwa ileile na bei zilikuwa zilezile, lakini kwa mmoja ilikuwa hatari kubwa na kwa mwenzake ilivumilika.

Nayasema haya nikiwa nimeyapitia. Miaka ya nyuma niliweka fedha za ada ya mwanangu kwenye hisa za kampuni moja, nikijiambia kwamba miezi kumi ingetosha kuziongeza kidogo. Wiki ya pili ya Januari nilikuwa nimeketi kwenye benchi ofisini kwa dalali wa hisa, fomu ya kuingia bweni ikiwa mfukoni, nikisubiri apatikane mnunuzi wa kile nilichokuwa nacho kwa bei yoyote. Alipatikana siku ya nne. Kampuni haikuwa na kosa lolote, na bei ilipanda tena baadaye, bila mimi. Kosa lilikuwa langu: nilichukua fedha zenye tarehe nikazipeleka mahali pasipojua tarehe.

Kwa hiyo fungu la binti lisiguswe na hisa hata kidogo. Keti na mume wako, fungueni kauntabuku, mwandike ada, malazi, chakula, nauli na kompyuta mpakato, na msiupunguze mzigo huo kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo kabla haujatoka. Hesabu ikihitaji, tuseme, milioni 5, hizo ziwekwe kwenye akaunti ya muda maalumu itakayoiva kabla ya Oktoba ya mwaka atakaoingia chuo, au kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja kama ule wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali inayosimamia mifuko ya namna hiyo, ambao hauna hisa na ambao ukitaka fedha zako unazipata ndani ya siku chache za kazi. Hapa mume wako ameshinda. Kiwanja cha Kihonda, hata hivyo, sikiungi mkono kwa fungu hili, kwa sababu kiwanja hakikatwi kipande kulipa muhula mmoja, na mwenye haraka ya kuuza ardhi ndiye anayepangiwa bei na mnunuzi.

Tenga pia milioni 2 za dharura, mahali pa kuchukulika upesi. Fungu hili ndilo litakalokuzuia kuuza vitu vya muda mrefu siku mgonjwa akilazwa.

Linabaki fungu la uzeeni: milioni 2 na sehemu ya ile 250,000 ya kila mwezi. Kwa fungu hili hofu ya mume wako, ingawa ninaiheshimu, inaweza kuwagharimu. Mfumuko wa bei ukiwa asilimia 5 tu kwa mwaka, kitu cha shilingi milioni 1 leo kitahitaji takriban milioni 2.65 baada ya miaka 20. Na tusisahau kwamba Desemba 2011 mfumuko hapa nchini ulifika asilimia 19.8. Fedha zinazokaa miaka 20 kwenye akaunti ya akiba ya kawaida hupungua nguvu polepole, na kwa kuwa tarakimu kwenye taarifa ya benki haishuki, mwenyewe hashtuki.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wafanyakazi wa serikali hawalihesabu. Kama mwanachama wa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, unatarajia pensheni ya kila mwezi, yaani tayari una kitega uchumi kikubwa kinachofanana na hatifungani (hati ya kuikopesha serikali au kampuni kwa riba), chenye malipo yasiyofuata bei za sokoni. Mfanyabiashara wa Soko la Mawenzi mwenye umri kama wako hana mto huo wa kuegemea. Ndiyo maana ninaona wewe unaweza kubeba hisa nyingi kidogo kuliko yeye katika fungu hili, hata nusu yake, iwe kwa kununua hisa za kampuni kadhaa au kwa vipande, yaani sehemu unazonunua, vya mfuko wa Umoja wa UTT AMIS, unaochanganya hisa na hatifungani. Nunua kila mwezi kiasi kilekile, bei ikiwa juu au chini, na ukifika miaka 54 au 55 uanze kuhamisha kidogo kidogo kwenda kwenye mifuko tulivu, usingoje mwaka wa kuaga.

Kabla ya kuanza, jiulize kwa dhati: vipande vyangu vya milioni 2 vikionyesha milioni 1.3 mwaka ujao, nitalala? Kama jibu ni hapana, punguza sehemu ya hisa hadi robo. Mpango mnono utakaouvunja kwa hofu katikati ya safari ni mbaya kuliko mpango wa wastani utakaofika nao miaka 60.

Swali: Nilinunua hatifungani ya serikali ya miaka 20 nikiambiwa haina hatari. Sasa ninataka kuiuza nimalizie nyumba, nami ninaambiwa bei yake iko chini ya nilichotoa. Nimedanganywa?
Msomaji, Mwanza

Jibu: Hukudanganywa, ila uliambiwa nusu ya habari. Serikali itakulipa riba mara mbili kwa mwaka na mtaji wako wote siku ya kuiva. Anayeuza kabla ya siku hiyo anategemea soko. Tuseme una hatifungani ya milioni 10 inayolipa asilimia 12, na sasa zinatolewa mpya za asilimia 15. Hakuna atakayekupa milioni 10 kwa malipo madogo kuliko anayoweza kuyapata mnadani Benki Kuu, na kwa miaka 20 iliyosalia bei ya haki itakuwa karibu milioni 8.1. Mambo huenda pia upande wa pili: mwaka 2022 riba ya hatifungani mpya za miaka 25 iliposhushwa kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56, waliokuwa na zile za zamani walijikuta wameshika mali inayogombewa.

Nyumba yako ilihitaji fedha za miaka miwili mitatu, nawe ukazifunga kwa 20. Kama paa linaweza kusubiri, usiuze. Tumia riba ya kila miezi sita kununua mabati na mbao kwa awamu. Kama haliwezi, uza sehemu tu inayotosha kuezeka, na kabla ya kusaini uliza bei kwa madalali wawili au watatu.