Kusimamisha au kulaza kamera: mtafute kwanza jirani

Vijana wengi wanaoanza kupiga picha wameshaambiwa kanuni moja: mtu ni wima, yaani kamera imesimamishwa, na mandhari ni mlalo, yaani kamera imelazwa. Kanuni hiyo siipendi. Inamfanya mpiga picha atazame umbo la kitu na kusahau kilicho kando yake, ilhali picha nyingi zinazonigusa hupata nguvu kutokana na kitu pamoja na kile kinachokizunguka. Kwa hiyo kabla sijabonyeza hujiuliza swali jingine: jirani wa hiki ninachokipiga yuko wapi? Yuko juu na chini, au kushoto na kulia?

Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako hupiga picha za mitaani na za harusi, unalifundisha jambo hili vizuri. Nje ya nyumba nyingi za zamani kuna mlango wa kuchonga, na ubavuni mwake baraza ya mawe iliyoshikana na ukuta. Mlango unakwenda juu, baraza inakwenda kando. Mzee akikaa mwisho wa baraza, pale inapokutana na mwimo wa mlango, unazo picha mbili tofauti kabisa. Ukisimamisha kamera, mzee anakuwa mtu wa nyumba ile: nakshi zinapanda juu ya kichwa chake, kizingiti cha juu kinamfunika, na urefu wa mlango unaeleza ukubwa wa nyumba. Ukiilaza, anakuwa mtu wa mtaa: wanaingia wenzake wanaocheza bao, muuza kahawa na birika lake, na baiskeli iliyoegemezwa ukutani. Mzee ni yuleyule, mwanga ni uleule, lakini anayeitazama picha atapata habari mbili zisizofanana. Basi amua kwanza unataka kumweleza habari gani. Na kabla ya hayo yote, toa shikamoo na uombe ruhusa. Mzee aliyekukubali atatulia, nawe utapata muda wa kuzipiga zote mbili.

Ukiupiga mlango peke yake, kusimamisha kamera kuna faida ambayo wengi hawaijui. Vichochoro ni vyembamba na huna pa kurudi nyuma. Ukilaza kamera unalazimika kuiinua uso, itazame juu, ili sehemu ya juu iingie, hasa kwa milango yenye kichwa cha nusu duara, iliyoenea mwishoni mwa karne ya 19 kutokana na mafundi wenye asili ya Kihindi. Ukiinua kamera, mlango unaonekana kama unaangukia nyuma. Ukiisimamisha, sehemu ya juu huingia bila kuinua sana, na sakafu inayobaki chini utaikata baadaye. Tumia mlango wenyewe kujipima. Mfaa, ule ubao wa katikati, ukionekana umelala upande, kamera yako imepinda. Miimo miwili ikikaribiana kwa juu, umeiinua kupita kiasi.

Kanuni ya umbo hudanganya zaidi panapokuwa na mlima. Kilimanjaro una mita 5,895, na mgeni akifika Moshi asubuhi isiyo na mawingu husimamisha simu kwa sababu amesikia ni mrefu. Anachopata ni mlima mdogo katikati, anga tupu juu yake na barabara tupu chini yake. Kilimanjaro kwa macho ni mpana. Jirani wa Kibo, kilele chake kirefu zaidi, ni Mawenzi, kilele cha pili, na miteremko inayokwenda mbali pande zote mbili ndiyo inayomfanya mtu aone ukubwa wake. Laza kamera. Wima utaufaa pale tu utakapompatia Kibo jirani wa chini: migomba iliyo karibu nawe, au njia inayopanda kuelekea huko. Mbuyu nao ni hivyohivyo. Ni mti mkubwa, lakini ukubwa wake uko kwenye kiuno na matawi, na mara nyingi picha ya mlalo humtendea haki kuliko ya wima. Mnazi usioegemea popote, huo simamisha.

Jahazi linataka uangalifu zaidi. Likiwa limetia nanga maji yakiwa shwari, mlingoti na kivuli chake majini ni majirani wa juu na chini, na wima unapendeza. Likishapandisha tanga na kuanza kwenda, jirani wake ni bahari iliyo mbele ya omo, ile ncha yake ya mbele. Liachie maji mengi upande linakoelekea, machache upande linakotoka. Picha ya wima hailiachii jahazi nafasi hiyo. Omo inagusa ukingo na mwendo wote unakufa. Hilo ni kweli pia kwa mtoto anayekimbia ufukweni na kwa bodaboda.

Kwenye kanga ndipo ninapoona picha nyingi zikiharibika bila sababu. Kanga ina takriban mita moja na nusu kwa mita moja, uwiano wa 3:2 uleule wa kamera nyingi. Ina pindo, ina mji, ile sehemu ya katikati, na ina jina, ule msemo ulioandikwa, linalokwenda kwa mlalo karibu na pindo la chini. Kwa aliyejifunga, jina mara nyingi huwa nyuma. Mpiga picha anasimama mbele, anasimamisha kamera, anakata kiunoni, na jina lililomfanya bibi achague doti ile halimo. Kama jina ndilo ujumbe, zunguka, laza kamera, na uliache lisomeke kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Kama ni mwendo wake na jinsi alivyojitanda, simamisha, lakini onyesha mpaka miguuni na ushushe kamera hadi usawa wa kiuno, la sivyo utamfupisha.

Lipo pia suala la picha itaishi wapi, na hili naliuliza kabla ya kazi, si baada yake. Bibi harusi atataka ya kuweka kwenye status ya WhatsApp, ambayo hujaza kioo cha simu kwa uwiano wa 9:16. Mama yake atataka ya kutundika sebuleni juu ya kochi, nayo ukutani hukaa vizuri ikiwa ya mlalo. Usijidanganye kwamba utapiga zote za mlalo kisha ukate. Picha ya pikseli 6,000 kwa 4,000 ina megapikseli 24, yaani nukta milioni 24. Ikate iwe wima wa 4:5, unabaki na 3,200 kwa 4,000, karibu 13. Ikate iwe 9:16, unabaki na 2,250 kwa 4,000, megapikseli 9 tu. Kwa simu zinatosha, lakini kwa bango kubwa utaona ubora unavyopungua. Zaidi ya hapo, uliyempanga kwa mlalo hakupangwa kwa wima: mikono imetanuka, nduguze wako kando, na ukikata unamkata mtu bega.

Kinyume chake nacho kinauma. Wima wa 3:2 ni mrefu na mwembamba, nao ukichapwa kwa karatasi ya inchi 8 kwa 10 unapoteza inchi mbili za urefu. Ukijaza fremu kutoka kilemba hadi kiatu, karatasi itakula kimojawapo. Acha nafasi juu na chini.

Ndani ya nyumba, kugeuza kamera kunageuza pia flashi. Ikiwa juu ya kamera, kivuli huanguka nyuma ya mtu na hakionekani sana. Ukisimamisha kamera, flashi inakwenda ubavuni na kivuli cheusi kinatokea ukutani kando ya shavu. Zungusha kichwa cha flashi ili mwanga ugonge ukuta kwanza. Katika nyumba za kale usitegemee dari, maana boriti nyeusi humeza mwanga. Tafuta ukuta uliopakwa chokaa. Na mkono wako wa kulia ukiwa juu, kiwiko hutanuka na kamera hutikisika, kwa hiyo kibane kiwiko cha kushoto kifuani na uongeze kidogo kasi ya shata, yaani kamera ifunguke na kufunga upesi zaidi.

Picha ya kawaida inakuruhusu upige zote mbili, na mimi hufanya hivyo kila ninapopata nafasi, nikianza na ile ambayo jirani yake anaweza kuondoka. Video haikupi ruhusa hiyo. Simu hushika mwelekeo iliyokuwa nao ulipobonyeza kurekodi. Ukiigeuza katikati, bwana harusi ataingia ukumbini akiwa amelala ubavu. Kama video inakwenda YouTube au kwenye televisheni ya sebuleni, ilaze simu kabla mlango haujafunguliwa.