Barua kwa mwanangu anayetaka kuacha chuo kwa ajili ya raga

Mikindani, Mtwara

Mwanangu,

Huku hatujambo. Bibi yako mguu umepata nafuu. Minada ya korosho imeanza na ghalani hakukaliki, ndiyo maana nimechelewa kukujibu.

Unauliza kama uache chuo hapo Nairobi ucheze raga tu, kwa kuwa kocha anataka kukutoa nyuma ya skramu, lile kundi la kusukumana na wapinzani mkigombea mpira, akuweke safu ya kwanza, inayokabana nao shingo kwa shingo, na anasema ukiwahi sasa utafika timu ya taifa. Kuhama namba, kubali. Kuacha chuo, hapana.

Mtazame Tendai Mtawarira, yule mchezaji wa raga wanayemwita Beast. Kazaliwa Harare, akafika Durban akicheza nyuma ya skramu kama wewe, wakamsogeza mbele. Alianza kuichezea Afrika Kusini mwaka 2008, akafikisha mechi 117, na Kombe la Dunia akalibeba 2019 akiwa na miaka 34. Fainali ile ya Yokohama, 32 kwa 12, watu wanasimulia trai za mawinga, yaani zile pointi za kuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani. Mimi nilichokiona ni Waingereza wanasukumwa kinyumenyume kwenye skramu, penalti inatoka, Pollard, mpigaji wa Afrika Kusini, anapiga, pointi zinaongezeka. Safu ya kwanza ndiyo kazi yake: unasukuma wewe, gazetini anaandikwa mwingine. Ukitaka kushangiliwa, basi baki ulipo. Na shingo ya kuhimili skramu haijengwi kwa msimu mmoja, wengi wa namba hiyo hukomaa wakishapita miaka 25. Sasa kocha anakukimbiza wapi? Mwenye haraka ni winga.

Halafu hiyo timu ya taifa ni ya taifa lipi? Wewe ni Mtanzania. Kama huna mzazi, babu wala bibi aliyezaliwa Kenya, na sisi hatuna, sheria ya raga inataka uwe umesajiliwa na chama cha raga cha huko peke yake miezi 60 mfululizo kwanza, au uwe umeishi huko jumla ya miaka kumi. Hata Mtawarira alisumbuliwa na suala la uraia mwaka 2010, na tayari alikuwa nyota. Kocha alikueleza hilo?

La kichwa ndilo linalomkosesha mama yako usingizi. Steve Thompson alikuwa katikati ya safu ya kwanza ya Uingereza walipotwaa Kombe la Dunia 2003. Mwaka 2020, akiwa na miaka 42 tu, alitangaza kuwa ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na kwamba hakumbuki kulitwaa kombe lile. Anaamini ni vishindo vya miaka mingi, mazoezini na mechini. Sikuambii uogope. Ila ukigongwa ukaona kizunguzungu, toka uwanjani hata kama kocha amenuna.

Huo mkataba usiusaini bado. Upige picha kila ukurasa unitumie, nimpe yule wakili wa ushirika ausome. Nataka kujua ukivunjika nani analipa hospitali, na kwa muda gani. Ada ya muhula ujao nitaituma korosho zikilipwa.

Baba yako