Kuvuka Manyovu na Gari Lako

Wanaopanga kutoka Kigoma na magari yao wenyewe kwenda Burundi kupitia mpaka wa Manyovu huniuliza kwanza habari za pasipoti. Hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Mtanzania haombi viza kuingia Burundi, nchi tuliyo nayo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na foleni ikiwa fupi unagongewa muhuri ukaondoka dirishani. Gari ndilo linalomweka mtu mpakani saa nzima, siku nyingine nusu siku. Kwa macho ya ofisa wa forodha, hiyo ni mali ya mamilioni inayoweza kuuzwa ng'ambo bila kodi kulipwa. Kila karatasi anayoomba inatafuta jibu la swali moja: litarudi? Ukijiandaa kwa swali hilo, safari imeshanyooka.

Anza na kadi ya gari. Iwe halisi, na iwe na jina lako. Kama gari ni la kaka, la shemeji au la kampuni, nenda kwa wakili upate barua ya idhini inayotaja namba za gari, jina lako, nchi unayokwenda na tarehe za kwenda na kurudi, kisha ambatanisha nakala ya kitambulisho cha mwenye gari. Gari la mkopo ambalo kadi yake iko benki linahitaji barua ya benki. Maneno ya mdomo hayavushi gari la mtu, hata kama mwenyewe yuko kwenye simu akikuthibitisha.

Halafu funua boneti. Hapa ndipo wenye magari ya safari hukwama kuliko wote, kwa sababu magari hayo yameguswa na mafundi wengi. Rafiki yangu wa Ujiji ana Land Cruiser mkonga aliyoitengeneza kwa mapenzi: hema juu, tangi la pili la mafuta, friji, kila kitu. Miaka ya nyuma injini ilibadilishwa, kadi ikabaki na namba ya zamani. Ofisa alisoma namba kwenye injini, akasoma kadi, akarudia kusoma. Alikuwa mtu wa adabu na hakumtuhumu kwa lolote, ila hakuwa na njia ya kuliandika gari hilo kwenye mfumo. Tukageuza kurudi mjini. Kwa hiyo injini ikibadilishwa, au rangi, au bodi, peleka taarifa TRA, mamlaka yetu ya mapato, kadi irekebishwe wiki kadhaa kabla ya safari. Namba ya chesisi nayo isafishe mwenyewe. Kwenye Land Cruiser nyingi imegongwa kwenye fremu, usawa wa gurudumu la mbele la kulia, na udongo wetu mwekundu ukishaganda pale hakuna anayeiona. Brashi ya waya na tambara vinatosha, na unapunguza robo saa ya kulala chini ya gari juani.

Bima yako ya kawaida inaishia getini. Ng'ambo unahitaji kadi ya njano ya COMESA. COMESA ni soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika; Tanzania ilijitoa mwaka 2000, lakini ilibaki kwenye mpango huu wa bima, kwa hiyo kampuni za bima za hapa zinaitoa kama nyongeza ya bima uliyo nayo. Inabeba madhara utakayosababisha kwa wengine, pamoja na matibabu ya dereva na abiria. Bati la gari lako lenyewe halimo. Iangalie kabla hujaondoka ofisini: orodha ya nchi iko kwenye kadi, na Burundi isiwe imekatwa.

Kadi nyingine ya njano ni ya chanjo ya homa ya manjano. Chanja angalau siku 10 kabla. Tangu 2016 cheti hicho kinatambulika kimataifa kwa maisha yote, kwa hiyo mwenye cha zamani asikubali kuambiwa kimeisha muda.

Barabara yenyewe haina shida. Kutoka Kigoma mjini unapita Mwandiga, unaiacha njia ya Kasulu, unapanda milima ya Buhigwe hadi Manyovu, kilomita kama 60 za lami. Kitambulisho cha NIDA kikae karibu na mkono. Mkoa wetu umepokea wakimbizi kwa miongo mingi na ukaguzi barabarani ni wa kawaida. Sisi wa huku tunajua jinsi inavyochosha kuulizwa uraia wako ukiwa kwenu, na kitambulisho ndicho kinachofupisha mazungumzo.

Fika asubuhi. Egesha, zima injini, waache wenzako wakae na gari, nenda Uhamiaji, kisha forodha. Nje kuna vijana watakaotaka kukushikia karatasi. Mawakala wenye leseni wapo, na vishoka wapo, na wote wanavaa vizuri. Usimpe mtu yeyote pasipoti yako au kadi ya gari eti akakupangie foleni. Muulize ofisa dirishani kama gari lako linahitaji wakala, na akisema linahitaji, muombe akuelekeze kwa aliyesajiliwa. Lipa kwa namba ya malipo uliyopewa, chukua risiti, soma jina na namba ya gari palepale. Herufi moja ikikosewa upande huu, upande wa Mugina, kituo cha Burundi, wataiona. Simu ikae mfukoni, kwa kuwa mpakani hapapigwi picha. Kama una droni au redio za mawasiliano, shughulikia vibali vyake mapema, la sivyo viache nyumbani.

Ukivuka, rudisha saa nyuma kwa saa moja. Kwa kwenda unapata muda, ila kwa kurudi unaupoteza, na anayetoka Nyanza-Lac jioni akitazama saa ya Burundi anaweza kukuta Manyovu wameshafunga kazi. Wasalimie watu vizuri. Kiha na Kirundi vinasikilizana, na Mha anayeanza kwa salamu kamili kabla ya kutoa makaratasi husikilizwa kwa utulivu.

Sasa udereva, jambo linaloniogopesha kuliko ofisi zote hizo. Burundi wanaendesha kulia. Kilomita za kwanza kutoka Mugina kushuka Mabanda kila mtu yuko macho. Hatari inakuja baadaye, unapotoka kituo cha mafuta au unapoondoka asubuhi na barabara ni tupu, mikono ikakurudisha kushoto bila kufikiri. Mteue mtu wa kiti cha mbele awe anatamka "kulia" kila mnapoanza kuondoka, hata kama mnaona ni utoto. Usukani wetu uko kulia, hivyo ukiwa nyuma ya lori huoni kinachokuja. Aliyekaa kushoto ndiye anayeona. Asiposema wazi kwamba njia ni nyeupe, kaa nyuma ya lori. Kwenye miteremko ile utakutana na baiskeli zenye mikungu ya ndizi zikishuka kwa kasi, na wengine wanaopanda wakiwa wameshikilia lori kwa nyuma. Wape nafasi kubwa.

Taa nazo ni tatizo ambalo wengi hawalifikirii. Za magari yetu zimepangwa kwa barabara ya kushoto: mwanga wa chini unapanda kidogo upande wa kushoto ili uone ukingo. Ukiendesha kulia, mwanga huo unaingia moja kwa moja machoni mwa anayekuja. Kuna stika za kuziba sehemu hiyo ya kioo. Mimi nasema usiendeshe usiku kabisa.

Jaza matangi Kigoma. Burundi imekuwa na uhaba mkubwa wa mafuta miaka hii, na foleni za vituoni ni za kulala hapo. Madumu ya akiba yataje forodha mwenyewe kabla hawajayaona, maana mafuta yanavushwa kwa magendo kwenye mpaka huu na hutaki kufananishwa na wafanyabiashara hao. Kwa wenye ndoto ya kuzunguka Bujumbura hadi Kigali: Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda. Rwanda iendee kwa Kibondo, Nyakanazi na daraja la Rusumo, ambako pande zote mbili zinakuhudumia mahali pamoja, na hakikisha hakuna mifuko ya plastiki ndani ya gari.

Kutoka ndiko kunakopuuzwa. Ulipoingia, mamlaka ya mapato ya Burundi, OBR, ilikupa kibali cha muda cha gari chenye tarehe ya mwisho. Kibali hicho kikibaki wazi kwenye mfumo, gari lako linahesabika kuwa bado liko Burundi hata kama limeegeshwa Mwanga au Gungu, hapa Kigoma mjini. Utakapolirudisha huko siku nyingine utadaiwa. Kwa hiyo usitosheke na muhuri wa pasipoti; nenda dirisha la gari, sema unarudi, subiri wakifunge. Upande wa Manyovu fanya hivyohivyo, ili TRA nao waone limerudi.

Kwa madereva na waongozaji wanaosindikiza wageni, hili ni zito zaidi. Wengi wao wanakuja na kaneti, kile kitabu cha dhamana ya ushuru. Ukurasa mmoja una vipande vitatu: kimoja kinakatwa wakati wa kuingia, kingine wakati wa kutoka, na kishina kinabaki kitabuni na mihuri miwili. Kishina chenye muhuri mmoja kinaweza kumfanya mgeni adaiwe ushuru wa gari zima akiwa ameshafika kwao. Fungua kitabu pamoja naye kabla geti halijainuliwa, mwoneshe mihuri yote miwili kwa kidole, na mwambie apige picha ya ukurasa huo mkishafika mbali na mpaka.

Risiti na vibali vyote vya safari viweke kwenye bahasha moja nyumbani, nakala moja ibaki ndani ya gari kwa safari ijayo.