Jibu: Upepo wa tairi kwa mbio za kwanza za milimani

Ndugu, umeuliza ujaze upepo kiasi gani kwa mbio za baiskeli za kilomita 30 milimani, na kwa nini tairi la nyuma linateleza kwenye mlima wenye kokoto. Psi 45 ulizoweka (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo ndani ya tairi) ni nyingi mno. Tairi likiwa gumu hivyo hurukaruka juu ya mawe badala ya kuyashika. Kwa kilo zako 70 na tairi la inchi 2.25 lenye tyubu, anza na psi 30 nyuma na 27 mbele, kisha pita kwenye mawe na mizizi huku ukisikiliza. Rimu ikigonga, ongeza psi 2. Ukishusha kupita kiasi, tyubu hubanwa kati ya jiwe na rimu, na utakuta matundu mawili yamekaa sambamba. Tumia geji (kifaa cha kupimia upepo) ileile kila mara, maana geji za pampu hazilingani.

Mlima ukiwa mkali, usisimame juu ya pedali. Kaa kwenye ncha ya mbele ya siti na uinamishe kifua, uzito ubaki kwenye magurudumu yote mawili. Gia nyepesi iweke kabla hujaanza kupanda. Kubadili huku unakanyaga kwa nguvu ndiko kunakokata cheni.

Usiondoke na kundi la mbele, tafadhali. Wengi huishiwa nguvu kwa sababu ya dakika 10 za mwanzo tu.

Beba tyubu ya akiba, vitoa tairi viwili na pampu ndogo. Kabla ya kuweka tyubu mpya, papasa ndani ya tairi taratibu: mwiba uliobaki utaitoboa hiyo mpya pia.