Uliza Mzee wa Porini: Mfuate dubu kwa tumbo lake

Swali: Shikamoo mzee. Nimehamia Missoula, Montana, na mwaka huu nataka kuwinda dubu mweusi kwa mara ya kwanza. Msimu wa vuli wa bunduki unafunguliwa Septemba 15, nami nimeanza kupeleleza mapema. Nimepanda milima ya Bitterroot Jumamosi kadhaa, natembea kutwa hadi miguu inawaka moto, na dubu sijamwona hata kivuli. Nakosea wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Ipumzishe hiyo miguu kwanza. Anayetembea kutwa huonwa na dubu wengi kuliko anaowaona yeye, na wengine humnusa tu wakaondoka zao bila hata kumtazama.

Kuanzia Agosti dubu hana kazi nyingine ila kula. Anajiwekea mafuta ya kulalia majira ya baridi, na kwa siku moja anaweza kushinda akila hadi saa 20. Basi shughuli yako ni kujua chakula chake kimeiva wapi wiki hii, na kitakuwa kimeiva wapi msimu ukifunguliwa. Hizo ni sehemu mbili tofauti, na hapo ndipo wageni wengi hupotea.

Milima hii chakula chenyewe ni hakelberi. Kichaka chake mara nyingi hakizidi kiuno, na tunda lake ni la zambarau iliyokolea. Linaanza kuiva mabondeni mwezi wa saba, kisha uivaji unapanda mlima kidogo kidogo. Kufikia katikati ya Septemba, vichaka vya futi 4,000 vimeshakauka. Kilichobaki kiko juu, futi 6,000 na kuendelea, hasa miteremko inayotazama kaskazini ambako jua si kali. Ukimwona dubu kando ya barabara mwanzoni mwa Agosti, furahi, ila usiweke naye miadi hapo.

Kabla ya kutoka nyumbani, kaa na ramani ya mistari ya mwinuko. Tafuta miteremko iliyoungua miaka mingi iliyopita ambako miti haijafunga kivuli, maana hakelberi hutaka mwanga ili izae. Majivu mapya usiyakimbilie. Moto mkali huunguza hadi mizizi, na kichaka kikishaungua hivyo huchukua miaka kurudi. Tazama pia barabara za zamani za kusombea magogo zilizofungwa kwa geti. Majani na klova huota katikati yake, na dubu hupenda kupita pasipo na magari.

Ukifika huko, tazama chini. Mimi nikikuta kinyesi cha dubu, safari inasimama. Nachukua kijiti nakichambua. Cha hakelberi ni laini, cheusi kinachoelekea zambarau, kimejaa vimbegu, vijani na hata tunda zima ambalo halikutafunwa. Kikiwa bado kinang'aa unyevu na nzi wamekizunguka, mwenyewe hajaenda mbali. Kikiwa kimeshika ukoko juu, pasua ndani uone kama bado kibichi. Rundo moja la zamani ni msafiri aliyepita tu. Marundo ya umri mbalimbali kwenye mteremko mmoja, hapo ndipo mezani pake, na hapo ndipo pa kuweka alama kwenye ramani. Angalia na magogo yaliyopinduliwa na vichuguu vya sisimizi vilivyochanwa. Miti ya kujikunia nayo utaitambua: gome limesuguliwa likalainika, na nywele zimenaswa kwenye utomvu kuanzia usawa wa kifua chako.

Ukishapata mteremko, ondoka. Ndiyo, ondoka! Hamia upande wa pili wa bonde, kaa chini, egemeza darubini magotini, utazame asubuhi na saa za mwisho kabla ya giza. Upepo uuheshimu: asubuhi hewa baridi hushuka bondeni, jua likishapasha mlima nayo hupanda. Uliyekaa vizuri saa kumi na mbili unaweza kuwa unampelekea dubu harufu yako saa nne.

Kopo la dawa ya pilipili ya kufukuzia dubu livae kiunoni au kifuani hata kama huna bunduki siku hiyo. Likiwa ndani ya begi ni mzigo tu. Kwenye vichaka vizito mimi huongea kwa sauti, hata kama nafukuza nilichokifuata. Kumkurupusha dubu hatua tano mbele yangu sikutaki.

Swali: Mzee, salaam. Mwanangu amepiga picha ya dubu wa kahawia kwenye milima iliyo juu ya Seeley Lake, hapa hapa Montana. Huyo si grizli, ile aina nyingine ya dubu iliyo kubwa zaidi? Nasikia ukimpiga unaingia matatani.

Jibu: Salaam, mama. Kwa rangi peke yake hakuna anayeweza kukujibu. Dubu mweusi huja mweusi, kahawia, mwekundu wa mdalasini, hata wa manjano iliyopauka. Grizli naye yupo milima hiyo, na tangu 1975 analindwa na sheria ya Marekani ya viumbe walio hatarini kutoweka. Matata hayo ni ya kweli.

Mwambie kijana atazame nundu ya mabegani, uso uliobonyea kati ya macho na pua, na masikio mafupi ya mviringo. Hizo ni za grizli. Dubu mweusi ana uso ulionyooka na masikio marefu kidogo, na akisimama kwa miguu minne sehemu yake ya juu kabisa mara nyingi ni mgongo au makalio. Asitegemee alama moja. Dubu akiinamisha kichwa kula, hata mweusi anaweza kuonekana ana nundu.

Kwenye tope, achukue unyayo wa mbele. Aweke kijiti kilichonyooka kiguse chini ya kidole kikubwa cha nje na kipite ukingo wa juu wa kiganja. Kidole kidogo cha ndani kikiangukia zaidi chini ya kijiti, ni dubu mweusi. Kikiwa zaidi juu yake, ni grizli. Kucha za grizli nazo huacha vitobo mbali na vidole, maana zina urefu wa inchi 2 hadi 4.

Montana haikuuzii leseni ya dubu mweusi mpaka ufaulu mtihani wa kutambua dubu. Afanye, na akishafaulu aurudie kwa hiari yake kila mwaka. Akikuta jike na watoto, hao si wa kupigwa kisheria. Na watoto huchelewa nyuma au hukwea mti, kwa hiyo dubu "aliye peke yake" atazamwe muda mrefu.

Swali: Rafiki ananishauri nimwage mikate iliyochacha porini wiki mbili kabla ya msimu ili dubu wazoee. Unasemaje?

Jibu: Hapana. Montana chambo cha dubu ni marufuku. Rafiki yako huenda kajifunzia ng'ambo ya mpaka, Idaho, ambako kuna maeneo kinaruhusiwa kwa kibali. Mikate wape kuku.