Birika la Sultani Kabatini Mwetu

SWALI: Assalaamu alaykum Sheikh. Baba yetu amefariki Unguja, ametuachia birika la fedha na vijiko tisa vyenye taji na jina la Seyyid Khalifa bin Haroub, aliyekuwa Sultani wa Zanzibar, kwa herufi za Kiarabu. Mama anasema baba aliingia navyo ndani usiku, vimefungwa kwenye kanga, wiki ile ya Mapinduzi ya 1964. Vijiko vilikuwa kumi na viwili. Vitatu aliviuza kunilipia ada ya shule. Kaka ameshapata mnunuzi, anasema ile ni ngawira, yaani mali iliyotekwa vitani, na miaka 60 imepita. Mimi usingizi siupati. Je, baba ataadhibiwa kwa ajili yangu?

JIBU: Waalaykumu salaam, binti yangu. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu.

Kwamba birika hilo, kwa kuwa ni la fedha, halinywewi chai, hata ya Idi, unalijua. Na sisi Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, hata kukiweka tu chombo cha fedha hakuruhusiwi, kwa kauli yenye nguvu. Tuliache hilo. Kinachonikera ni hilo neno ngawira, maana mabarazani nimelisikia sana.

Ngawira ni ya jihadi chini ya imamu, dhidi ya makafiri wanaopigana. Hukusanywa yote, ikatolewa khumsi, yaani sehemu moja ya tano, ndipo ikagawanywa. Mtu akijichotea kabla ya mgao, hata katika jihadi yenyewe, huo ni ghululi, yaani wizi wa ngawira, na ghululi ni katika madhambi makubwa. Sasa kaka aniambie: Unguja ya Januari 1964 kafiri alikuwa nani? Seyyid Jamshid, Sultani wa wakati huo, alipanda meli akaenda zake, na walioingia kasrini na walioingiliwa wengi wao walielekea kibla kimoja. Vita vya Ngamia, mwaka 36 Hijria, Sayyidna Ali, khalifa wa nne, aliwashinda Waislamu wenzake na akakataza mali zao zisiporwe. Imepokewa kwamba vitu viliwekwa msikitini Basra, kila mtu akachukua alichokitambua kuwa chake, isipokuwa silaha za ghala zenye alama ya utawala. Hizo hakupewa mtu.

Wapo wenye hoja nzito zaidi: fedha ile ilitoka kwenye karafuu, na karafuu zilitoka kwenye jasho la watumwa. Sibishani nao, historia hiyo ina ukweli mchungu. Lakini wasiishie njiani. Kama ni jasho la umma, basi ni mali ya umma. Kama si ya umma, ni ya warithi wa Sultani. Baba yako anaingilia wapi hapo?

Ama miaka 60, kadhi anaweza kukataa kusikiliza kesi iliyochakaa, lakini dhima, yaani deni la haki ya mtu, haifutiki. Hadithi ya Samura, sahaba wa Mtume, inasema mkono unadaiwa ulichokichukua mpaka ukirudishe.

Nisieleweke vibaya, si kila chenye taji kimeporwa. Masultani walikuwa wakitunuku watu, na aliyerithi tunu ya namna hiyo ni halali yake. Mama angeniambia hivyo, ningefunga mjadala. Lakini usiku, kwenye kanga, wiki ile!

Kuhusu baba, usimhukumu. Hatujui alikuwa na hofu gani, wala nani alimkabidhi. Kilichobaki kwake ni dhima, na dhima ya maiti hutolewa kabla ya mirathi, kama deni. Wema mkubwa mnaoweza kumfanyia sasa ni kumtua mzigo huo.

Vipelekeni Makumbusho ya Kasri pale Forodhani, yaliyofunguliwa 1994 kuonyesha vyombo na samani za masultani. Jamaa wa Sultani wakiwa na dai lao, watajua pa kulipeleka, na halitakuwa tena juu yenu. Hamlazimiki kutaja jina la marehemu wala kueleza habari ya kanga. Mtumeni mtu mwaminifu akabidhi, basi. Sheria haikuamrisha kumfedhehesha mzazi kaburini. Na huyo mnunuzi aambiwe ukweli, kwani kumficha ni dhuluma ya pili.

Vijiko vitatu vilivyouzwa, wewe ulikuwa mtoto, hukujua, na elimu yako haina doa. Thamani yake itolewe katika mirathi kabla hamjagawana, ipelekwe palepale. Kaka akigoma, na wewe ukipenda itoke yote kwenye fungu lako, hakuna wa kukuzuia.