Ukistaafu upimaji ardhi, kabidhi yaliyomo kichwani kabla ya kufunga safari

Mpima ardhi ana raha moja ambayo watu wa ofisini hawaijui: akifika mahali, ubishi unapoa. Majirani waliokuwa wakirushiana maneno tangu alfajiri wanasogea kando, wanamtazama akisimika mashine, akining'iniza timazi juu ya alama, akifinya jicho moja kwenye lenzi. Wanasubiri atakachosema. Ukizoea kusubiriwa hivyo miaka nenda miaka rudi, halafu siku moja ukabaki nyumbani ambako hakuna anayesubiri neno lako, ndipo unapojua kustaafu ni kitu gani. Wengi huzungumzia mafao na magoti. Hayo yapo na nitayagusa, lakini kwa niliyoyaona kwangu na kwa wenzangu, kinachosumbua zaidi ni kuacha kuwa mtu wa neno la mwisho.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenzangu anayekaribia kuondoka, na moyoni ana safari anazoziwaza, ni huu: waachie wanaobaki kila kilichomo kichwani mwako, kisha nenda ukafanye jambo ambalo wewe ndiye unayeuliza maswali.

Nianze na hilo la kwanza, maana ndilo linalopuuzwa. Ofisi nyingi hudhani makabidhiano ni funguo, gari na orodha ya vifaa. Chenye thamani hakimo kwenye orodha hiyo. Ramani iliyosajiliwa inaonyesha bikoni, yaani alama za mpaka zilizosimikwa ardhini, na vipimo vyake. Haisemi kwamba bikoni ile ilisimikwa upya baada ya trekta kuing'oa. Haisemi pia kwamba mnyororo wa kupimia umbali uliotumika kwenye upimaji wa kwanza ulikuwa umevutika, hivyo kila umbali ulioandikwa katika eneo lile ni pungufu kidogo kuliko ulivyo ardhini. Ziko ramani zinazotegemewa hadi leo ambazo vipimo vyake vya asili vilichukuliwa kwa mnyororo wa Gunter, ule wa futi 66 na pingili 100 uliobuniwa Uingereza karne ya 17. Aliyezishughulikia kwa muda mrefu anajua ipi ya kuaminiwa na ipi ya kusomwa kwa tahadhari, na ujuzi huo akiondoka nao umepotea.

Miezi yangu ya mwisho kazini nilikuwa nikitoka na vijana waliokuwa wakichukua nafasi yetu, na siku zilizokuwa na faida kuliko zote ni zile za kutafuta alama zilizopotea. Siku moja mmoja wao alisimama na kipokezi cha satelaiti juu ya nguzo yake, skrini inamwambia amefika kwenye kona, na chini ya miguu yake ni majani matupu.

"Mzee, ndipo hapa, ila bikoni haipo. Nisimike mpya?"

Nikamwambia alete koleo kwanza, na akwangue taratibu badala ya kuchimba kwa nguvu. Udongo wa juu ulikuwa mwekundu na mgumu. Alipoendelea kukwangua kuelekea pembeni, rangi ikabadilika: duara la udongo mweusi, laini, na ndani yake punje za mkaa na vipande vya chupa ya kijani. Jiwe lenyewe lilikuwa limeng'olewa zamani, lakini aliyelisimika alikuwa amefukia mkaa na vioo chini yake, kwa sababu vitu hivyo haviozi. Shimo lilikuwa hatua nzima kutoka pale skrini ilipokuwa inaelekeza. Katika nchi nyingi zinazofuata sheria za asili ya Kiingereza, alama ya awali iliyosimikwa ardhini ina nguvu kuliko namba iliyoandikwa kwenye karatasi, kwa hiyo hatua ile moja ilikuwa kesi nzima. Yule kijana hakuhitaji mhadhara. Tangu hapo akawa hatoki bila koleo.

Mambo ya namna hiyo hayafundishiki kwa waraka. Kama una mwaka mmoja au miwili mbele yako, utumie kuwapeleka watu ardhini kwa miguu. Piga picha daftari zako za uwandani, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na zile zenye michoro ya penseli na madoa ya matope. Eleza vifupisho vyako. Vile unavyovielewa peke yako ni siri, na siri haina kazi kwenye kumbukumbu za ardhi. Sehemu zenye mgogoro zitaje bila kuficha, na kama kuna upimaji wako usioridhika nao, useme wakati bado una mamlaka ya kuurudia.

Historia ya fani yetu ina watu wawili wanaofaa kuangaliwa pamoja. William Lambton alianza mwaka 1802 kazi kubwa ya kuipima India kwa pembetatu, yaani kusoma pembe za pembetatu zinazoungana ili kukokotoa umbali, na hakustaafu. Alifariki mwaka 1823 akiwa safarini na kambi yake, mzee wa karibu miaka 70. Aliyemrithi, George Everest, aliacha kazi mwaka 1843, akarudi Uingereza, akaoa, akalea watoto, akaandika taarifa ya kazi yake. Urefu wa mlima unaobeba jina lake ulikokotolewa na aliowaacha nyuma: mwaka 1852 hesabu za Radhanath Sikdar, mwanahisabati Mbengali aliyeajiriwa wakati wa Everest, zilionyesha kwamba kilele kilichoitwa nambari XV kinazidi vyote vilivyokuwa vimepimwa. Jina likapitishwa mwaka 1865, ingawa Everest mwenyewe alikuwa amelipinga. Alikuwa mkali kupindukia kazini, kwa hiyo simtaji kama mfano wa tabia. Ninachompendea ni kwamba aliacha watu walioweza kuendelea bila yeye, na kazi ikaendelea kweli.

Sasa jambo la karatasi, ambalo halina utamu lakini linaweza kukuharibia uzee. Muhuri na leseni yako visibaki mikononi mwa mtu. Utafuatwa na watu wema kabisa wakikuomba utie saini tu kwenye ramani ambayo vijana wameshaimaliza, na kila saini ni dhamana yako, umeenda uwandani au hujaenda. Mimi nilirudisha leseni mapema kuliko nilivyolazimika, ili jibu langu liwe rahisi. Halafu kuna bima. Kama ulikuwa na ofisi yako mwenyewe, muulize mtu wa bima swali hili moja: mteja akinidai baada ya miaka kadhaa kwa kazi niliyoifanya kabla ya kustaafu, nani atalipa? Bima nyingi za makosa ya kitaaluma hulipa tu kama bado ziko hai siku dai linapoletwa, hata kama kazi ilifanyika zikiwa hai. Ukifunga ofisi na bima siku moja, unaweza kubaki uchi. Ipo kinga ya ziada kwa kipindi cha baada ya kufunga. Iulizie kabla hujaaga.

Kuhusu pesa sina la kukuambia ambalo hujalisikia, ila hili: safari zina tabia ya kula pesa mapema, kabla hujajua ipi unaipenda. Azima au kodi vifaa mwaka wa kwanza. Mashua, hema la bei kali, kamera, vyote vitakusubiri.

Mwili nao una hesabu zake. Mpima ardhi amebeba stendi ya miguu mitatu kwenye bega lilelile ujana wake wote, kwa hiyo mgongo umekaa upande bila yeye kujua; mkoba wa safari ndefu utakukumbusha siku ya kwanza. Kaa na mtu wa tiba ya viungo kabla ya kupanga safari ya miguu, na kwa kushuka milima tumia fimbo mbili. Ngozi yako imekula jua kwa miaka mingi, basi mwombe daktari akague shingo, masikio na mikono ya chini. Na macho vilevile.

La nyumbani ni zito zaidi ya linavyoandikwa. Mwenzako ameendesha nyumba miaka yote uliyokuwa kambini. Ana ratiba, ana marafiki, ana mahali pake pa kukaa jioni. Usirudi ukaanza kunyoosha mambo. Nilimwona mwenzetu mmoja aliyeanza kustaafu kwa kupanga upya stoo na bustani kwa kamba na vigingi, na ndani ya wiki chache mkewe ndiye aliyemtafutia kibarua cha kujitolea. Kabla ya kutangaza safari yoyote, kaeni muulizane: ipi ya wawili, ipi ya peke yako, na ipi yake peke yake ambayo wewe ndiye utakayebaki nyumbani.

Tukishamaliza hayo, tuje kwenye raha.

Kama unapenda kutembea, ninakupendekezea bila kusita ile Tao ya Struve. Kati ya mwaka 1816 na 1855, mwanaastronomia Friedrich Georg Wilhelm Struve na wenzake walipima mstari wa pembetatu kutoka Hammerfest, kaskazini kabisa mwa Norwei, hadi Bahari Nyeusi, zaidi ya kilomita 2,820, ili kujua umbo na ukubwa wa dunia. Leo mstari huo unapita katika nchi 10, na mwaka 2005 UNESCO iliweka vituo vyake 34 kwenye orodha ya urithi wa dunia. Uzuri wake kwetu ni kwamba hakuna kasri wala kanisa la dhahabu la kukushangaza. Sehemu nyingi utakuta tundu lililotobolewa kwenye mwamba, au msalaba wa chuma, au rundo la mawe. Mtalii wa kawaida anaangalia, anauliza ndiyo haya tu? Wewe utapiga magoti.

Kituo kimoja kipo kwenye kilima cha Aavasaksa, Ufini, na hapohapo Mfaransa Maupertuis alikuwa ameshapima mwaka 1736, katika kazi iliyosaidia kuthibitisha kwamba dunia imebonyea kwenye ncha zake. Vizazi viwili tofauti vya wapimaji, kilima kilekile, kwa sababu ileile ambayo wewe na mimi tungekichagua: unaona mbali pande zote. Ukifika mahali kama hapo mkono utatafuta daftari wenyewe. Kwenda na mashine ya kupimia sikushauri. Nenda na ramani, chakula na koti la mvua, na uache mtu mwingine awe ameshapima.

Ukitaka kunyenyekezwa vizuri, nenda baharini. Nilidhani sekstanti, chombo cha mabaharia cha kupimia pembe ya jua na nyota, itakuwa mchezo kwa mtu aliyesoma pembe maisha yake yote. Kanuni naijua: ukipima urefu wa jua juu ya upeo wakati wa adhuhuri, ukafanya masahihisho, unapata latitudo yako, na kila dakika ya pembe ni maili moja ya baharini, mita 1,852. Lakini sisi tumezoea kusimama juu ya ardhi isiyotikisika, tukagombana na sekunde tano za pembe. Kwenye mashua upeo unapanda na kushuka, jua linacheza kwenye kioo, na chumvi imeingia machoni. Mwalimu wangu, binti mwenye umri wa mwanangu wa mwisho, alinisikiliza nikilalamika kuhusu usahihi, akacheka akasema, "Ukituweka ndani ya maili mbili, mzee wangu, tutaona nchi kavu." Maili mbili! Kazini ningefukuzwa. Pale nilishangilia. Sijawahi kufurahia kuwa mwanafunzi kama siku zile, na nadhani ni kwa sababu hakuna aliyekuwa akisubiri hukumu yangu. Walisubiri nijifunze kufunga fundo.

Kwa asiyependa mawimbi kuna michezo ya nchi kavu. Tarehe 2 Mei 2000 Marekani iliacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, na siku iliyofuata mtu mmoja akaficha ndoo msituni Oregon, akatangaza latitudo na longitudo yake ili wengine waitafute. Mchezo huo sasa umeenea duniani. Utakuwa na kishawishi cha kudharau simu inayokosea mita kadhaa. Vumilia, raha yake ndiyo hiyo, na wajukuu hupata vitu kabla yako.

Na kama magoti yamegoma kabisa, kuna kuchora ramani ukiwa umeketi. OpenStreetMap, ramani ya dunia ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, ilianza mwaka 2004, na tetemeko la Haiti la mwaka 2010 lilipotokea, watu wa kujitolea sehemu mbalimbali za dunia walichora barabara na majengo kutoka kwenye picha za satelaiti, waokoaji wakatumia ramani hizo. Jicho lako lililozoea kutofautisha njia ya miguu na mkondo wa maji uliokauka linahitajika sana huko. Ila huko pia kuna wahariri vijana watakaokurekebisha bila haya, basi jiandae.

Safari ya kwanza iwe fupi, karibu na nyumbani, ya siku chache, ili ujue mwili unasemaje na ni nini umebeba bure. Ya pili ndiyo uiote kwa ukubwa. Na mkisafiri wastaafu wawili wa upimaji, kubalianeni kabla ya kuondoka nani anashika ramani siku ipi, na anayeishika siku hiyo asisahihishwe mpaka jioni, labda muwe mnaelekea kwenye korongo.